Kifuniko cha Kitanda cha Nane

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya Povu kuomba, na Povu alikuwa hataki hata kumsikia Mungu akitajwa.

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, mashine haziwashwi kabla mtu hajaomba. Hakuna bosi aliyewapangia. Ni utaratibu wao wenyewe, wanawake saba, kila mmoja na siku yake. Povu walimpa jina hilo kwa sababu kwa miaka kumi na moja hawajawahi kuiona mikono yake mikavu. Zamani ndiye aliyekuwa akiomba kwa sauti kuliko wote, mpaka wenzake wakamtania kwamba Mungu si kiziwi. Mumewe alipoanguka, Povu aliomba siku chache, kisha akafunga mdomo.

Tena alianguka wapi? Hapo ndipo nyongo ilipompanda. Mumewe ni fundi rangi. Angeanguka kwenye jumba la tajiri fulani, Povu angelia yakaisha. Lakini alianguka ndani ya nyumba ya ibada, kutoka juu ya ngazi, brashi mkononi, akipaka dari bure bilashi kwa mapenzi yake tu. Zikavunjika mbavu, ikavunjika nyonga, kisha kifua kikajaa maji. Hii ni wiki ya tatu yuko ghorofani, wodi ya wanaume, kitanda cha nane. Na waumini wenzake walikuja kumwambia mkewe kwamba Mungu humjaribu anayempenda.

"Basi apunguze mapenzi," Povu aliwajibu, wakaondoka wamenuna.

"Tunakungoja, mwanangu," alisema Shangazi, mkubwa wao kwa umri, ambaye hospitali nzima ilimwita hivyo.

"Aombe mwingine."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo."

"Shangazi, nimwambie nini? Kila nilipomwomba hali ilizidi. Bora ninyamaze, asije akakumbuka kuna ubavu kasahau kuuvunja."

Mmoja alicheka, akajiziba mdomo haraka. Povu aliwapa mgongo akaanza kuchambua nguo za toroli lililotoka wodini, shuka huku, foronya kule, ili mradi asiwatazame usoni. Mara mkono wake ukagusa kitu kizito. Kilikuwa kifuniko cha godoro.

Shuka hushuka kila siku. Kifuniko cha godoro hakishuki mpaka mgonjwa awe amekiacha kitanda moja kwa moja, ama karuhusiwa, ama kafa. Wafuaji wote wanalijua hilo, na kila kikija hukipokea kimya kimya. Povu alikikunjua. Pembeni, kwa wino mweusi usiotoka hata kwa dawa, paliandikwa: wodi ya wanaume, nane. Na jana mumewe alikuwa hawezi hata kujigeuza ubavu. Nani angemruhusu aende nyumbani?

Hakulia. Hasira iliwahi kabla ya machozi.

"Wewe!" alipiga kelele, uso kauelekeza darini. "Ndiyo shukrani hii? Alikuwa anaipaka rangi nyumba Yako! Mimi nimefua damu za watu miaka yote hii huku nikikusifu, nikaonekana mwehu! Umenikosea. Sikusengenyi, nakwambia Wewe mwenyewe, umenikosea! Na sina mwingine wa kumpelekea mashtaka yangu, ni Wewe huyo huyo!"

"Amina," alisema Shangazi. Wengine wakaitikia.

Povu aligeuka. "Hiyo si dua!"

"Umemwambia ya moyoni. Kwangu hiyo ni dua. Haya, panda juu."

Alizipanda ngazi mbili mbili, miguu peku. Pale mlangoni mwa wodi alikiona kitanda cha nane, godoro tupu.

"Mama watoto."

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini aliijua. Ilitoka kitanda cha kumi na tatu, kule dirishani. Mumewe alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Ulipoondoka jana wakanihamisha," alisema, akipumzika kila neno. "Mzee wa kitanda hiki aliomba tubadilishane. Mkewe ana mguu mbaya. Hakutaka atembee mbali kutoka mlangoni. Alfajiri, mzee... ametutoka."

Povu hakusikia zaidi ya hapo. Alipiga magoti sakafuni, akaukumbatia mkono wa mumewe, akapaza sauti wodi nzima ikageuka. "Asante, Mungu wangu! Asante! Asante!"

Alipoinua kichwa ndipo akamwona. Kando ya kitanda cha nane, kwenye kigoda, palikuwa na bibi mmoja aliyenyoosha mguu uliovimba, chupa ya uji mapajani, haijafunguliwa. Alikuwa anamtazama.

Povu aliona haya, na nyuma ya haya hasira ikarudi, kali kuliko ya kule chini. Huku ni kugawa gani, huyu apewe, yule anyang'anywe? Alisimama, akamwendea.

"Nisamehe, mama. Sikukuona."

"Ulikuwa unamwombea nini mumeo?" aliuliza bibi yule.

"Apone tu."

"Na mimi vivyo hivyo. Neno kwa neno." Aliisukuma kando chupa ya uji kwa ghadhabu. "Sasa niambie, lako lilikuwa na nini?"

Yale ya waumini waliokuja kumfariji yalimjia Povu, akayaona hayafai hata kutupwa. Aliketi sakafuni, karibu na ule mguu mbaya.

"Sijui, mama. Haki ya Mungu, sijui."

"Mimi leo siongei naye."

"Usiongee. Nitaongea naye mimi."

Aliushika mkono wa bibi, akainua uso, na sauti yake ilikuwa na ukali ule ule.

"Usiondoke," alimwambia Mungu. "Yangu tumemaliza. Sasa unijibu ya huyu."