Mashine Inasema Uko Arua

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kazi yangu ni kupokea simu za watu wenye hasira. Mungu naye ana utani! Shirika la mabasi ya umma liliipa kampuni moja ya Kampala kandarasi ya kutengeneza programu ya tiketi, na kampuni ikatuajiri sisi watatu hapa Arua tusikilize malalamiko. Kutengeneza wanatengeneza wao, kutukanwa tunatukanwa sisi.

Asubuhi ile, saa mbili kasoro robo, akapiga Kamisi, karani wetu wa tiketi kule Koboko.

"Ruqaiya, iko mama mmoja hapa, Elena Wani. Madaktari wa macho wa huko Arua wamemlipia tiketi, lakini mashine inakataa. Inasema huyu mutu iko Arua tayari. Na basi inaondoka saa mbili."

Nikafungua programu. Kweli, Elena Wani, aliyezaliwa tarehe mosi Januari 1958, alishuka Arua jana na hajarudi. Nikajua mara moja. Wazee wengi waliokimbia kutoka Sudan Kusini hawakujua tarehe zao, basi mpakani wakaandikiwa wote tarehe mosi Januari. Na akina Elena Wani wako wangapi? Waliotengeneza programu hawakuuliza. Kwao jina moja na tarehe moja ni mtu mmoja, basi.

Nikapiga Kampala. Jamaa mwenye sauti ya usingizi akaniambia tatizo limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku mbili.

"Siku mbili? Madaktari wanafunga orodha leo saa nne, kesho wanakwenda zao! Mama wa watu abaki kipofu akikusubiri wewe?"

"Dada, utaratibu ni utaratibu."

Akakata. Akanikatia simu mimi! Kubadilisha taarifa za abiria tumekatazwa kabisa, na mwenzetu Aliga alifukuzwa kazi kwa kosa hilo hilo. Nikasema potelea mbali.

"Kamisi, mpe mama simu."

Ikaja sauti ndogo, ya mtu aliyezoea kuambiwa hapana. "Haloo, mwanangu. Wanasema niko Arua. Kama niko Arua, nani amesimama hapa na fimbo?"

Nikacheka. "Kosa ni letu, mama, nisamehe. Mko wawili, jina moja, siku moja. Nataka nikuwekee siku yako mwenyewe, mashine ikutambue. Ulizaliwa lini hasa?"

Nikasikia dereva akipiga honi.

"Hakuna mutu amewahi kuniuliza," akasema. "Waliandika tu. Mama yangu alisema mtama ilikuwa inavunwa. Namba mimi sijui."

Kamisi akapiga kelele pembeni: "Weka yoyote, Ruqaiya! Dereva anawasha gari!"

"Wewe nyamaza! Siku ni ya mama, si ya dereva." Nikarudi kwake taratibu. "Mtama kwenu unavunwa mwezi wa kumi na moja, sivyo? Basi mwezi tumeupata. Chagua tarehe, mama."

"Wewe ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Tisa. Lakini mwezi wa sita."

"Nipe hiyo tisa."

"Kwa nini hiyo yangu, mama?"

"Waliojua siku yangu wamekufa wote, mwanangu. Sasa iko mmoja anajua."

Nikaandika tarehe tisa Novemba huku machozi yananitoka, sikuona hata aibu. Kamisi akasema, "Imekubali! Mama, panda, panda!" Basi likaondoka saa mbili na dakika nne.

Mkuu wetu Obitre alinipa barua ya onyo kali, na nikaisaini. Lakini alinihurumia, akawaandikia Kampala barua kali zaidi kuhusu tarehe mosi Januari.

Tarehe tisa Novemba nikaomba ruhusa, nikapanda basi kwenda Koboko na sukari kilo mbili na mkate. Nikamkuta mama Elena mlangoni kwake akichagua maharage. Nikamsalimu, akaijua sauti yangu papo hapo. Akainuka, akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama, akanitazama.

"Kumbe wewe ni mtoto hivi," akasema. "Kwa ukali ule, nilidhani iko bibi."