Akiba ya Mshono

Saa moja asubuhi, Jumamosi moja ya Septemba 1998, kifuniko cha ngozi hakikufika ukingo wa kiti cha behewa la zamani. Kilipungua upana wa vidole viwili.

Bernadette, fundi cherehani wa Umbilo, mtaa wa Durban, alijaribu vingine vitatu. Vyote vilipungua vilevile. Vipimo vyake havikuwa na kosa, ila alipima viti vikiwa na springi za zamani, zilizolala. Jana yake Blaise, seremala aliyewahi kutengeneza mabehewa Lubumbashi, alifunga springi mpya na viti vikainuka. Alisahau kumwambia.

Ngozi ilikuwa imekwisha, na mkaguzi wa reli angefika saa tatu. Chama cha wapenzi wa treni za zamani kilipewa behewa hilo kwa sharti moja: lisipokamilika siku hiyo, lingekatwa liuzwe kama chuma chakavu.

Bernadette alikuwa akishona bure. Miaka miwili nyuma aliingia Durban ndani ya behewa hilohilo, akiwa na mtoto mwenye homa. Hakuwa na tiketi ya kulala, lakini kondakta alimfungulia kitanda kisichokuwa na mtu. Mtoto alipona, na sasa anasoma. Alipoiona namba ileile mlangoni mwa behewa, kwenye karakana lilikokuwa likitengenezwa, aliomba kazi.

Alipindua kifuniko. Ndani alikuwa amekunja ngozi ya ziada, kama afanyavyo kwa magauni, kwa kuwa wateja hunenepa. Blaise alimcheka sana wiki iliyopita: "Mama, kiti hakibebi mimba."

"Papa Blaise, leta wembe," alisema sasa. "Fumua hapa, pole pole."

Blaise alifumua, yeye akashona upya. Kifuniko cha kwanza kilipokaa, Blaise alikibonyeza kwa kiganja.

"Eish. Kumbe mimba iko," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Aksanti, mama. Kosa ni langu."

"Mimi nashukuru hii behewa. Wewe fumua."

Matundu ya mshono wa kwanza yalibaki wazi ukingoni. Mkaguzi aliyapitishia kidole, akauliza yametoka wapi. Mwenyekiti wa chama alimweleza yote bila kuficha. Mkaguzi alikaa kwenye kila kiti, akainuka, akatia saini.

Saa tano treni ilitoka na behewa hilo, Bernadette akiwa amekaa dirishani.