Mahali Pasipoporwa Mtu

Mchana wa jua kali, wakati wa mavuno ya shayiri, Bito alipanda kilima cha hekalu la Poseidoni, mungu wa bahari, akimburuta binti yake Mirto. Mimi nilikuwa nafagia ua. Alinipita bila salamu, nywele timtim, akaikumbatia madhabahu, mtoto katikati ya mikono yake.

Sote hapa Kalauria tulimjua. Alikuwa mjakazi wa Kalipo, mwenye mashamba ya mizabibu, na hakuna aliyemfikia kwa kufuma. Asubuhi hiyo alimsikia bwana wake akimwahidi mchuuzi wa watumwa kutoka Delo kwamba Mirto ataondoka na merikebu yake.

Kalipo naye hakukawia. Alikuja na wanaume wawili wenye kamba. Langoni akamkuta Nikipe, kuhani wetu, msichana ambaye hata posa hajapelekewa.

"Karibu, mzee Kalipo. Kamba ziache nje."

"Nipishe, mtoto. Nimefuata mali yangu. Wewe si juzi tu nilikuona unacheza na mwanasesere?"

"Nilikuwa nacheza kweli. Leo niko kazini. Mahali hapa panaitwaje?"

"Asulon. Nani asiyejua?"

"Na maana yake?"

Kalipo akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Basi nikukumbushe, mzee wangu. Sulan ni kupora, kumkamata mtu kwa nguvu. Hiyo 'a' ya mbele inakataa. Hapa haporwi mtu. Neno halikuchagua mtumwa wala bwana."

Kalipo akacheka, akaketi kivulini nje ya lango. "Sawa. Njaa haisomi maneno. Atatoka mwenyewe."

Hakuwahesabu wanawake wa mji. Bibi Filina alitangulia, na kikapu cha mikate na jibini. "Namletea mungu," akasema, akipita mbele ya Kalipo taratibu. Kesho yake wakaja wengine, na zeituni, na tini, na maziwa ya mbuzi kwa ajili ya mtoto.

"Mzee Kalipo, umekonda," Filina akamwambia. "Chakula kipo, ila kiko ndani."

Watu wakaangua kicheko. Merikebu ya Delo nayo ikapata upepo, ikaenda zake bila kumngoja mtu.

Hatimaye Kalipo akasimama mbele ya umati, akakung'uta vumbi kwenye vazi lake. "Nimeamua. Nawatoa wote wawili kwa Poseidoni. Tangu leo si mali yangu wala ya mtu yeyote." Alisema kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Tukampigia makofi hivyo hivyo.

Bito hakuiachia madhabahu. "Aape kwanza," akasema.

Kalipo akaapa, mkono juu ya jiwe, sote tukisikia. Ndipo Bito alipokunjua vidole. Vilikuwa vimekakamaa, Nikipe akavisugua kwa mafuta.

Asubuhi iliyofuata Bito alimshika Mirto mkono, wakashuka sokoni kununua sufu ya hekalu. Njia fupi haipiti kwa Kalipo. Bito alishika ile ndefu, kichwa juu, akapita mbele ya mlango wake akiimba.