Mashine ya Yuma Haiguswi

Yuma aliporudi kutoka Ubelgiji mwaka wa sabini na tano, mtaa mzima wa Bel-Air ulikuja kumpa pole, na mtaa mzima ulitaka kugusa. Huko kuguswa ndiko kulikotaka kumwua, si moyo.

Moyo nao ulikuwa umeshamfanyia vituko vyake. Yuma alikuwa seremala katika karakana ya kampuni ya shaba, na asubuhi moja moyo ulijisahau kidogo, akaanguka shubiri mbili tu kutoka kwenye msumeno wa umeme. Kampuni ikampeleka Ulaya. Huko wakampasua chini ya mtulinga wa kushoto, wakamtia mashine ndogo ya betri ya kuukumbusha moyo kazi yake. "Ndogo" ni maneno ya madaktari. Ilivimba chini ya ngozi kama kopo la rangi ya viatu, na pale mtaani hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo.

"Ba Yuma, acha niguse kidogo tu."

Utamkataliaje mgeni? Mtu ametoka kwake kwa miguu, ameleta ndizi, amekuombea dua, kisha unamfungia shati? Wakagusa. Iligusa mikono yenye unga wa muhogo, yenye grisi ya baiskeli, yenye magamba ya samaki. Wengine walibonyeza kabisa, kana kwamba wanapiga kengele ya mlango. Yuma alicheka nao, na tuseme kweli, alijivuna. Kuna watu wana redio na kuna watu wana baiskeli, lakini yeye alikuwa na mashine kifuani.

Wiki ya tatu mshono ukaanza kutoa usaha. Akachomwa sindano, ukakauka. Sindano zilipoisha, usaha ukarudi. Mara tatu ilikuwa hivyo, na mkewe Mwajuma akawa anafua mashati kabla jirani hawajayaona. Mwezi wa tano tangu arudi, daktari Adalbert wa hospitali ya kampuni alifungua bendeji, akanusa, akaifunga tena bila haraka. Alikuwa Mkasai mpole, asiyependa kumdanganya mgonjwa.

"Ba Yuma, vidudu vimefika mpaka ku mashine. Dawa iko inaua ile ya inje, lakini ku chuma haifike. Tutatosha yote, tutaondoa mashine na waya yake. Ingine itatoka Bulaya, tutaitia ku kuume."

"Na moyo wangu itangojea na nini?"

"Tutapitisha waya ingine ku mushipa ya shingo, na kisanduku ya betri kitabakia inje. Utalala pale pale, pengine mwezi muzima. Iko danger, siwezi kukuficha."

"Na tukiiacha?"

"Itaingia mu damu. Pale sitakuwa na kitu ya kukuambia."

Yuma aliogopa, akaogopa sana, maana aliukumbuka ule msumeno. Lakini alikuwa ametupa mbao nyingi zilizoliwa na mchwa, wala hakuwahi kuupaka rangi ubao hata mmoja wa namna hiyo akauita mlango.

"Tosha, munganga. Yote. Lakini uniambie, vile vidudu vilitokea wapi?"

"Bantu ngapi banakugusa pale?"

Yuma akaanza kuhesabu vidole, akafika kwa muuza makaa, akaacha. Uso ulimwaka kwa aibu.

Wakatoa. Akalala hospitalini na waya shingoni na kisanduku kimefungwa mkononi, taa yake ndogo ikiwakawaka, naye akaapa kwamba hakuna mkono utakaomgusa tena. Wageni walipokuja, Mwajuma aliweka kiti katikati ya mlango akakikalia. Maneno yakazagaa Bel-Air upesi: chuma cha Bulaya kimemupandisha ba Yuma kichwa, sasa anaona bantu wote beko wachafu. Yuma aliyasikia, yakamchoma, akayavumilia.

Siku ya kumi na moja akaja baba mukubwa Djuma kutoka Kipushi. Huyu ndiye aliyemlea Yuma tangu baba yake alipofariki, akamlisha, akamfundisha kushika randa. Mwajuma hakuwa na ujasiri wa kumzuia mtu huyo, akaondoa kiti. Mzee akasogea kitandani, akasoma dua yake taratibu, akapulizia kiganja ili akiweke kifuani pa mwanawe. Yuma akamshika kifundo cha mkono.

"Hapana, baba."

"Ni miye, Yuma."

"Najua ni weye. Hapana. Naomba pardon, baba, lakini hapana."

Mzee aliurudisha mkono wake, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuonja hata chai. Yuma aligeukia ukuta akalia, na alipomaliza kulia alimwambia Mwajuma akirudishe kiti mlangoni.

Mashine mpya ilifika siku ya ishirini na sita, wakaitia kuume. Safari hii Yuma alirudi nyumbani kimya. Mwajuma akamshonea mashati yenye mfuko mkubwa upande wa kuume, na ndani ya mfuko leso iliyokunjwa, hata uvimbe haukuonekana. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Mishono ikabaki mikavu, pande zote mbili. Yuma akarudi karakana, akapewa kazi mbali na misumeno. Kilichobaki kumuuma kilikuwa kule Kipushi.

Akamtumia mzee salamu mara nne. Mara ya nne mzee akaja. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akaulizia kazi, akaulizia mvua. Kisha akakitazama kifua cha Yuma, upande wa kushoto. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kimehama.

Yuma akamtupia mkewe jicho. Mwajuma akaleta maji, sabuni na beseni, mzee akanawa mpaka kwenye viwiko kama anayejiandaa kuswali. Yuma akafungua vifungo.

"Sasa, baba. Gusa."

Mzee akaweka kiganja kizima juu ya kovu la kushoto, pasipokuwa na chuma chochote, akafumba macho.

"Eeh! Iko inapiga muzuri. Bazungu banajua kazi!"

Mwajuma alikimbilia uani na kanga mdomoni. Yuma naye alikuwa karibu kuangua kicheko. Ndipo alipoisikia mwenyewe chini ya kile kiganja kigumu: ilikuwa inapiga kweli. Ulikuwa moyo wake.

"Inapiga, baba," akasema.

Akauacha mkono ule hapo mpaka mzee mwenyewe alipochoka kuushikilia.