Siku Mdomo wa Bonifasia Ulipopinda

Kikombe kilimponyoka Bonifasia kabla hajajua kwamba amekiachia. Chai ilimwagika miguuni, na yeye akabaki anautazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Akataka kumwita Joyness, mke wa mwanawe, aliyekuwa nje anaosha masufuria. Kilichotoka mdomoni kilikuwa sauti ya mtu anayesemea ndani ya blanketi.

Joyness aliingia mikono ikichuruzika maji. Akamtazama usoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama! Mdomo umeenda upande!"

Mume wa Joyness alikuwa kazini Biharamulo, na pale nyumbani Keza walikuwa wao wawili tu. Joyness akakimbia hadi barabarani, akarudi na pikipiki. Walimpakia Bonifasia katikati, Joyness nyuma amemkumbatia kiuno, wakaondoka. Walipofika usawa wa shule ya msingi, vidole vya mkono ule vikaanza kuwashawasha. Walipoukuta mteremko wa mtoni aliweza kuvikunja. Na walipofika kwenye zahanati alishuka mwenyewe, akafunga vizuri kitenge, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Tumehangaika bure. Turudi."

"Haturudi, mama. Tushafika."

Mganga wa zahanati alikuwa kijana aitwaye Clever, ambaye kata nzima ilimwita daktari. Alimwamkia shikamoo, akamketisha, akasikiliza maelezo ya Joyness bila kumkatiza. Kisha akamwambia Bonifasia atabasamu. Akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele na kufumba macho. Akamwambia ataje siku za juma. Bonifasia alifanya yote kama mwanafunzi anayetaka kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mdomo ulikuwa sawa, mikono sawa, na siku zote saba zilitoka kwa mpangilio.

Halafu Clever akamfunga kipimo cha presha. Alipima mara ya kwanza, akahamia mkono wa pili.

"Dawa za presha uliacha lini?"

"Tangu Pasaka. Nilijisikia mzima."

"Mama, kilichokupata asubuhi ni kiharusi. Kimekuja kidogo, kikaondoka. Tatizo ni kwamba kikishakuonja hivi, kikubwa huwa hakikawii. Kinaweza kuja leo, kinaweza kuja kesho. Mimi hapa sina kipimo cha kuona ndani ya kichwa, na nikikupa dawa kwa kubahatisha naweza kukuharibu. Nenda hospitali Ngara. Sasa hivi. Usipite nyumbani hata kuchukua nguo."

Alikuwa tayari anaandika barua ya rufaa. Gari la wagonjwa, alisema, limeondoka alfajiri na mama mjamzito na halijarudi. Wachukue pikipiki mpaka barabara ya lami, wasimamishe gari lolote.

Bonifasia alitazama saa ya ukutani. Saa mbili na dakika ishirini.

"Nikienda saa nane?"

Clever aliacha kuandika. "Kuna nini mpaka saa nane?"

Kulikuwa na shamba. Marehemu mume wake, Projestus, alimwachia migomba na kahawa, eneo lililopakana na la mdogo wake Xavery. Mwaka wa kwanza wa msiba Xavery aling'oa mstari mmoja wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe iliyokuwa mpaka, akapanda mihogo. Mwaka wa pili aling'oa mstari mwingine. Bonifasia alipeleka malalamiko baraza la kata, na vikao viwili viliahirishwa kwa kuwa Xavery hakutokea. Leo, saa nne, wazee wa baraza walikuwa waje kulikanyaga shamba lenyewe. Na leo ndiyo siku pekee angekuwepo mzee Idefonsi, aliyeipanda minyaa ile kwa mikono yake zamani. Kesho binti yake alikuwa anamhamishia kwake Bisibo, akauguziwe huko miguu yake.

Hayo alimweleza daktari. Kulikuwa na jingine ambalo hakulieleza. Katika kikao kimoja ambacho Xavery alikuja, alisimama mbele ya watu wote akasema: "Anayedanganya juu ya ardhi ya marehemu kaka yangu, mdomo wake na upinde tuuone!" Na watu waliitikia amina. Sasa yeye, siku ile ile ya kukanyaga shamba, apakiwe pikipiki kwenda hospitali kwa sababu mdomo umepinda? Kufika jioni kata nzima ingekuwa imeshahukumu.

"Shamba halikimbii, mama," Clever alisema.

"Wewe humjui Xavery. Mashamba mbele yake yanakimbia."

Clever hakucheka. Alimpa Joyness barua. "Siwezi kumfunga kamba mgonjwa. Ila nimesema, na nimeandika na saa niliyosema. Ukiona mdomo, mkono au maneno vimebadilika tena, msingoje hata dakika."

Nje, Joyness alitaka kuita pikipiki ya kwenda barabara ya lami. Bonifasia alimshika mkono.

"Twende shambani. Nitasema maneno yangu matatu, Idefonsi aseme yake, tuondoke. Saa tano tutakuwa njiani."

"Mama, daktari amesema..."

"Nimemsikia. Kilichopinda ni mdomo, si masikio."

Joyness aliikunja ile barua, machozi yakimlenga. Hakuwa na mazoea ya kumpinga mama mkwe.

Kuanzia hapo Bonifasia hakutulia. Walifika shambani mapema mno, hakukuwa na mtu, akaanza kutembea kutoka kwenye migomba hadi kwenye mihogo na kurudi. Kila baada ya muda mfupi aligusa dole gumba kwa kidole cha shahada, kisha cha kati, kisha cha pete, kisha cha mwisho. Alitaja majina ya wajukuu kwa sauti ya chini, mkubwa hadi mdogo, halafu mdogo hadi mkubwa. Alifungua kifungo cha blauzi akakifunga tena. Kila kitu kilifanya kazi. Alijiambia, unaona, ni uchovu. Alijiambia, ni njaa, sikuwa nimekula. Kisha akaiona tena sura ya Joyness ilivyorudi nyuma pale mlangoni, akaanza kugusa vidole upya.

"Kaa chini, mama."

"Nikikaa nitafikiri."

Saa nne ilifika, ikapita. Xavery alikuja na shati lake la Jumapili, akamsalimia kwa adabu nyingi: "Shemeji, umeamkaje?" Akajibu ameamka salama, na neno salama likamkwama kidogo kooni. Mzee Idefonsi aliletwa kwenye baiskeli na mjukuu wake. Wazee wa baraza hawakuonekana. Ikafika nne na nusu. Joyness aliendelea kuitazama simu yake, kisha kumtazama mama mkwe mdomoni, kisha simu, na kila alipotazamwa hivyo Bonifasia aligeuza uso pembeni.

Baraza lilifika saa tano kasoro, watu wanne na katibu mwenye daftari, majirani wakiwafuata nyuma. Mwenyekiti, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, aliomba radhi akasema waanze na shahidi.

Idefonsi alikuwa amevuka kutoka Burundi akiwa kijana na kuishi Keza maisha yake yote, lakini Kiswahili chake bado kilichanganya l na r, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoka alisema kwa kupiga kelele.

"Baba yao Projestus na huyu Xavery ndiye ariyenipa kazi! Nirianzia kure kwenye jiwe, nikaja hapa, hapa, hapa, mpaka mtoni! Mashina yamekatwa, rakini mizizi iko chini! Chimbeni!"

Mzee mmoja wa baraza alichukua jembe, akachimba pale mzee alipoonyesha. Jembe la nne lilitoa mzizi mweusi, na ulipokatwa utomvu mweupe ukatoka. Watu wakaguna. Xavery alisema mizizi ya minyaa inatambaa, inaweza kutokea popote. Katibu aliandika yote mawili.

"Mlalamikaji," mwenyekiti alisema, "tueleze wewe mpaka ulivyoujua."

Bonifasia alikuwa ameyapanga maneno hayo kwa miezi mingi. Alisogea mbele, akanyoosha mkono kuonyesha jiwe.

"Nilipoolewa hapa," alisema, "mume wangu alinitembeza. Akaniambia mwisho wetu ni hii... ni hii..."

Neno halikuja. Aliiona miti yenyewe akilini, aliuona utomvu wake, aliuona mzizi uliolala pale miguuni, na jina lake halikuwepo mahali popote. Alihisi watu wote wakimsubiri. Akajaribu kugusa vidole, na dole gumba likapita pembeni bila kukigusa cha mwisho.

"Mnaona?" Xavery alisema taratibu. "Uongo unamaliza maneno."

Hapo Bonifasia angeweza kuketi na kusingizia jua. Wazo hilo lilimjia kabisa. Badala yake aligeuka akamtafuta Joyness machoni, kisha akamtazama mwenyekiti, akaongea polepole akichagua maneno yaliyokuwa karibu.

"Mwenyekiti, mimi ni mgonjwa. Leo asubuhi mdomo wangu ulipinda. Daktari aliniambia niende hospitali, na mimi nikaja hapa kwanza. Nimekosea. Sasa naenda. Naomba muandike kwamba nimeondoka kwa ugonjwa, sikukimbia."

Mwanamke mmoja jirani alifunika mdomo kwa kiganja.

"Umepinda!" Xavery alipaza sauti. "Kasema mwenyewe! Si niliapa hapa? Si mliitikia?"

"Xavery," Bonifasia alisema, "ukipinda wako usije kwa baraza. Nenda hospitali."

Idefonsi, ambaye hakusikia hata nusu, alimuuliza mjukuu kuna nini. Mjukuu alimpigia kelele sikioni, na mzee akajibu kwa sauti iliyofika mtoni: "Sasa mnangoja nini? Mpeni pikipiki!"

Mwenyekiti alikuwa ameshamwita dereva wa pikipiki aliyemleta, awafikishe barabara ya lami. Bonifasia alipopanda, katibu alimuuliza kama maelezo ya shahidi yawekwe dole gumba leo leo. "Leo leo," alijibu, na lile neno alilitamka mara mbili zaidi kwa sababu ulimi ulishalishika na haukutaka kuliachia.

Barabara ya lami ilikuwa tupu. Walisimama kando, Joyness akiinua mkono kwa kila kilichopita: lori la mizigo, gari la msafara lisilopunguza mwendo, pikipiki zilizojaa ndizi. Dakika ishirini. Bonifasia hakuweza tena kutembeatembea. Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kuwa mzito. Mwishowe gari dogo lililokuwa linapeleka walimu mjini lilisimama, walimu wakabanana. Njiani Joyness alimshikilia kichwa begani na kumwambia kila mara, "Nitajie jina langu, mama." Alilitaja mpaka majengo ya kwanza ya mji yalipoanza kuonekana. Hapo Joyness aliuliza tena, na hakujibiwa.

Walipoingia hospitali alibebwa. Wauguzi hawakuuliza mengi. Barua ya Clever ilikuwa imeandikwa vizuri, presha zote mbili, dalili zote, na saa.

Bonifasia alirudiwa na maneno siku ya tatu. Yalirudi moja moja, mengine kwa Kihangaza, lugha ya utoto wake, kwanza, halafu kwa Kiswahili. Mguu ulikubali kusimama siku ya sita. Mkono ulibaki mzito, unapanda mpaka usawa wa kifua na kukataa kuendelea.

Daktari wa wodi, mwanamke aliyevaa miwani, alikuwa na mazoea ya kukaa ukingoni mwa kitanda. Bonifasia alimngoja siku nzima, akijigeuza na kujigeuza, mpaka alipopata nafasi ya kumuuliza.

"Kama ningekuja saa mbili. Niliyoambiwa. Huu mkono ungekuwaje?"

Daktari alilifunga faili. "Pengine tungekiwahi kiharusi mapema. Pengine kingekupata hivi hivi, lakini ukiwa hapa, umelazwa, tunakuona. Siwezi kukudanganya kwamba najua, mama. Ninalojua ni kwamba kama kile cha mwisho kingekukuta kule shambani, leo tusingekuwa tunaongea."

Jibu hilo halikumtuliza. Alilirudia usiku na mchana, akaligawa vipande, akatafuta ndani yake saa zake tatu zilikokwenda.

Siku ya nane Joyness alileta habari za Keza. Baraza halikuwapatanisha, Xavery alikataa kutia sahihi, na shauri lilikuwa linapelekwa wilayani. Lakini maelezo ya Idefonsi yalikuwa yameandikwa, dole gumba likawekwa, na mzizi ukapigwa picha. Kuhusu mdomo, watu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kiapo cha Xavery kimempata, wengine wakasema ni presha tu. Ila wanawake kumi na wawili, Joyness alisema, walikuwa wamekwenda zahanati juma lile kupima presha, na Clever alikuwa amechoka hoi.

"Na wewe?" Bonifasia aliuliza.

"Mimi nini, mama?"

"Wewe unasemaje? Siku ile."

Joyness alikunja na kukunjua kanga mapajani. Hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo na mama mkwe.

"Ningekushika kwa nguvu pale zahanati," alisema. "Nilikuogopa. Siku nyingine sitakuogopa."

Bonifasia alimnyooshea mkono wa kushoto. Kisha akamwomba amsaidie kuinuka, kwa kuwa muuguzi wa mazoezi alikuwa amesimama mlangoni, na siku hiyo walitakiwa kufika mpaka dirishani.