Tone la Tatu

Mzee aliyetumia miaka thelathini na nane akichanganya dawa katika zahanati hakuwa amewahi kukanyaga baa. Hata asubuhi hiyo, alipoketi wima kwenye kiti kirefu cha hoteli huku kofia yake ikiwa magotini, alijiambia kwamba amekuja kushuhudia mtihani, basi. Mtihani ni mtihani, hata ukifanyiwa jehanamu.

Mtahiniwa alikuwa mjukuu wake. Binti huyo aliacha chuo cha ufamasia mwaka wa pili, akaja kuosha bilauri hapa, akapanda ngazi hadi kuchanganya vinywaji. Tangu hapo, miaka mitatu, babu yake alimjibu salamu kwa neno moja tu. Sasa Mkuu wa kaunta alikuwa akistaafu na kiti chake kilitaka mtu. Sharti lake lilikuwa moja: ichukue kokteli kongwe ya wiski, ile waliyoiita Kizamani, uitengeneze kwa tekila, wala isiaibike. Akishindwa, kiti kingekwenda kwa mgeni kutoka hoteli nyingine.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba. Uliniandikia saa nne. Hii ni saa nne na dakika mbili.”

“Nilikuwa nakusubiri utulie.”

“Nimetulia tangu sijamzaa mama yako. Anza.”

Mhudumu mmoja mnene, aliyekuwa akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi, akacheka. “Daktari,” akamwita binti, kwa jina walilompa kwa ajili ya kupima kila kitu kwa matone, “mgonjwa atapona leo?”

“Atapona. Wewe ndiye utakayelazwa usipofunga mdomo.”

Mkuu, mtu mwembamba mwenye masharubu ya mvi, alikunja mikono. “Nisikilize, binti. Wiski hubeba ladha ya pipa mgongoni. Ukikosea kidogo, pipa litakusitiri. Tekila haimsitiri mtu. Chupa pekee ya tekila iliyolala pipani ndiyo hiyo, na imebaki na vipimo viwili. Usiseme sikukwambia.”

Binti aliitika kwa kichwa. Akapanga vyombo vyake juu ya kitambaa cheupe: kijiko kirefu, kipimo cha chuma, chungwa moja, shira ya mmea uleule unaozaa tekila, mmea wa ukoo mmoja na mkonge. Kando yake akaweka kichupa cheusi na daftari lenye jalada lililochakaa. Mzee alilitambua kabla halijafunguliwa. Lilikuwa lake, alilomwachia alipoingia chuo.

Akakisogeza kichupa kwa babu yake. Mzee alinusa, na zahanati nzima ikamrudia: mizizi michungu iliyolowekwa katika spiriti wiki mbili, maganda ya chungwa, iliki mbili. Ilikuwa dawa yake ya tumbo, ukurasa wa kumi na tisa. Mchungu wa dukani, yale matone yatiwayo katika Kizamani, huimeza tekila, binti alikuwa amemwandikia. Huu wako husimama nayo bega kwa bega. Mzee hakuamini barua ile. Sasa pua yake ilimwamini binti kabla moyo haujakubali.

Kazi ikaanza. Kipimo cha tekila kikaingia katika bilauri, rangi yake kama majani makavu. Shira ikafuata, nusu kijiko. Kisha binti akachukua dropa, ule mrija mdogo wa kioo wenye mpira kichwani, akaishika wima juu ya bilauri kama alivyofundishwa akiwa na miaka minane.

Tone la kwanza likaanguka. Mzee akashtuka. Lilikuwa limevimba mno, likachelewa, likaanguka kwa uzito. Mdomo wa dropa ile ulikuwa mpana! Haikuwa ile iliyotumika kupima matone matatu ya ukurasa wa kumi na tisa. Tone la pili likaanguka. Mzee akaibana kofia mpaka ukingo ukapinda. Angeweza kukohoa tu, lakini katika chumba cha mtihani msimamizi hakohoi. Miaka yote ile hakuwahi kumwonyesha mwanafunzi jibu, na hakuwa tayari kuanza na damu yake mwenyewe.

Tone la tatu likatoka, likaning'inia. Binti akalitazama. Akalitazama tena, kama mtu anayeona sura ngeni mlangoni kwake. Akairudisha dropa kichupani, akainua bilauri, akaimwaga yote ndani ya sinki.

“Hee!” akapiga kelele yule mnene. “Nusu ya iliyobaki hiyo!”

“Nani amebadilisha dropa yangu?”

Kisha mnene akakuna kisogo. “Ile ilinivunjikia jana nikiosha. Nikakutafutia nyingine. Si dropa ni dropa?”

“Hapana, kaka yangu,” akasema binti, wala hakupaza sauti. “Huwezi kuhesabu matone kabla hujalijua tone.”

Mzee alifumba macho. Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyasema kila Jumatatu kwa wanafunzi waliopiga miayo.

Binti akachukua kijiko cha chumvi. “Ile ya zamani ilikijaza kwa matone sitini,” akamwambia Mkuu. Akaanza kukijaza kwa ile mpya, tone kwa tone, mbele ya watu wanaosubiri, mkono wake umetulia kama umechongwa. Mzee alihesabu naye moyoni. Kumi na tano. Ishirini na tisa. Barafu ilisikika ikipasuka ndooni. Arobaini, na kijiko kikajaa pomoni.

“Basi matatu ya ile ni mawili ya hii.” Akaurudisha mchungu kichupani.

Tekila ya mwisho ikamiminwa. Shira. Tone, tone. Barafu kubwa ikashuka taratibu, na kijiko kirefu kikazunguka bila kugonga kioo hata mara moja. Akakata ganda la chungwa, akalibana juu ya bilauri. Ukungu mwembamba wa mafuta ukaruka katika mwanga wa dirisha, ukatua. Mzee alikuwa amechanganya dawa maelfu kwa maelfu, na hakujua kwamba kazi ile inaweza kuwa nzuri kiasi hiki.

Mkuu akaonja. Akaonja tena, kisha akachomoa funguo za kabati mfukoni, akaziweka juu ya kitambaa cheupe.

“Kwa kinywaji, ningefikiri kidogo,” akasema. “Kwa kile ulichokimwaga, sina la kufikiri.”

Ndipo mzee, ambaye tangu astaafu hakuwa amemwinukia mtu yeyote kwa heshima, akainuka. Hakugusa bilauri, kiapo chake cha kutoonja pombe kilikuwa kiapo. Alifungua daftari ukurasa wa kumi na tisa, akatoa kalamu yake ya wino, akaandika chini ya mwandiko wake wa ujana: *Dropa pana, matone mawili.* Kisha akamkabidhi kalamu mjukuu wake.

“Anayetengeneza,” akasema, “ndiye anayetia sahihi.”