Daftari la Mpawenimana

Siku ya kuanua matanga ya Mpawenimana, Baba Mkubwa Kipriani aligawa vitu vya marehemu kabla pombe ya ndizi haijamiminwa. Koti na baiskeli vilipata wenyewe upesi. Kisha akainua daftari nene lenye jalada la bluu, akalipangusa kwa kiganja.

"Hili ni la mwanangu Hatungimana. Jumamosi anakwenda Kasulu kwenye usaili."

Dorcas, dada wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani karibu na mama yake, Epifania. Yeye naye alikuwa anakwenda Kasulu Jumamosi, kwenye mtihani uleule wa Kiingereza, kugombea nafasi zilezile tatu za ukarani. Kijiji kizima cha Kitahana kilijua. Alimtazama mama yake. Mama akatazama chini.

"Baba Mkubwa, daftari hilo nilikuwa nasomea na kaka."

"Vitu vya mwanaume huenda kwa mwanaume, binti. Wewe utapewa sufuria."

Watu wakacheka kidogo. 

Kwa miaka miwili, kila jioni alipotoka kufundisha katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, Mpawenimana alikaa mlangoni na dada yake. Dorcas alisema Kiingereza. Kaka akisikia kosa, aliliandika kama lilivyo. Sentensi sahihi hakuiandika hata siku moja. Alisema ukishaiona kwenye karatasi utaikariri tu. Kesho yake alimsomea kosa lake, naye Dorcas alilisahihisha kwa mdomo, bila kuangalia. Akipatia mara tatu, kaka aliweka alama ya vema pembeni. Basi daftari lile, tangu mwanzo hadi mwisho, lilikuwa makosa matupu yenye vema.

Hakuna aliyemuuliza Dorcas kilichomo.

Siku mbili Hatungimana alizunguka uani akikariri kwa sauti, na kila alipoona vema alitikisa kichwa kwa heshima. Dorcas alimenya muhogo akimsikiliza. Acha azame, alijisemea. Wamelitaka, walile. Alimenya vibaya, akitupa nyama pamoja na maganda.

Lakini Ijumaa mchana majirani walipita kusalimia, na Hatungimana akawasomea ukurasa mzima, kifua mbele. "Hicho ndicho Kiingereza cha marehemu," akawaambia. "Mwalimu kweli yule."

Dorcas aliweka kisu chini.

"Kaka Hatungimana, hayo unayokariri ni makosa. Yote."

"Ee, dada. Wivu umeanza."

"Fungua popote. Soma."

Akafungua, akasoma kama anayesoma neno kanisani: "I will beat you a phone tomorrow."

Kilikuwa Kiswahili, "nitakupigia simu kesho," kilichovalishwa nguo za Kizungu. Dorcas akaisema upya inavyotakiwa, macho yake yakiwa kwenye maganda ya muhogo. "Endelea." Akasoma ya pili, naye akaisema upya. Ya tatu. Ya nne. Jirani mmoja aliyewahi kufundishwa na marehemu akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

Baba Mkubwa hakujua Kiingereza, lakini masikio alikuwa nayo. Akasimama. "Unamsahihisha marehemu? Juzi tumemwanulia matanga, leo unamtoa kasoro mbele za watu?"

"Si kasoro zake. Ni zangu. Kila mstari humo ni ujinga wangu mimi, na hizo vema ni siku nilizoacha kukosea. Mmerithishana ujinga wangu, Baba Mkubwa. Mngeuliza, ningewaambia."

Hatungimana alipekua kurasa, midomo ikimcheza. Uso ulimshuka taratibu. Kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Basi rudia ile ya kwanza. Polepole, niandike."

"Haya, mfundishe nduguyo," Baba Mkubwa akasema, akaketi, kama mtu aliyemaliza shauri.

Hapo hasira ilimpanda Dorcas. Hata sasa hakuna aliyekumbuka kwamba na yeye anasafiri. Akalishika daftari. Hatungimana akalivuta, Dorcas akalivuta zaidi.

"Dorcas. Rudisha."

"Sirudishi, Baba Mkubwa. Humu mna mwandiko wa kaka yangu na makosa yangu. Chako hamna."

Mzee aliwaangalia majirani, akavuta kiti chake nyuma. Dorcas akamgeukia binamu yake. 

"Basi linaondoka Kibondo kesho alfajiri. Ukitaka kufundishwa, kaa kiti cha pembeni yangu mpaka Kasulu. Njoo na daftari jipya. Wewe utasema, mimi nitaandika utakayokosea."

"Litajaa kabla hatujafika, dada."

"Lijae."

Akaenda kuketi kwa mama yake, daftari kifuani. Epifania alisogea. Akampisha mkekani.